Kitatange wa Mwambao: Kutoka Dema Hadi Tangi la Kioo

Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga za kioo za zama za Warumi, zilizochimbuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti. Shanga zenyewe ni ndogo, lakini zilitoa ushahidi kwamba nchi hii iliyo nyuma ya delta ya Rufiji, ambamo leo zimo kata kama Mtunda, iliwahi kufanya biashara na masoko ya mbali takriban miaka 2,000 iliyopita. Rhapta, soko la mwisho la pwani hii kutajwa katika kitabu cha Kigiriki cha mabaharia kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, bado linatafutwa, na wapo wataalamu wanaoliweka papa hapa, kwenye mito na mikoko ya Rufiji.

Kitabu hicho kinataja bidhaa zilizotoka mwambao huu: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Kinataja pia kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wengine husema ni Mafia na wengine Unguja au Pemba. Watu wake walikuwa na mitumbwi ya gogo moja na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na walikamata kasa kwa vikapu vilivyosukwa na kutegwa kwenye milango ya maji. Mvuvi wa leo anayetega dema au kusimamisha uzio anaweza kuisoma habari hiyo bila kuhitaji maelezo.

Kasa aliyesakwa zaidi kwa magamba yake ni ng'amba. Mwaka 1988 mtafiti Anne Meylan alionyesha katika jarida la Science kwamba ng'amba aliowachunguza katika Bahari ya Karibi hula sifongo karibu peke yake, chakula ambacho viumbe wengi wa baharini hukikwepa kwa sababu kimejaa vijiti vikali kama vioo pamoja na sumu. Walaji wa sifongo ni wachache miambani. Mmoja wao ni kitatange, na yeye pia ameingia katika biashara ya mapambo, kwa tofauti moja kubwa: ng'amba aliuzwa gamba akiwa amekufa, kitatange anauzwa mzima. Samaki mzima lazima ale. Katika sharti hilo moja imo historia yote ya biashara hii, pamoja na hasara zake.

Delta yenyewe si makazi ya kitatange. Maji ya Rufiji hushuka na tope jingi, na tope hilo hulisha mikoko, kaa na kamba, ilhali matumbawe yanataka maji safi na mwanga. Ukivuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, ukazunguka mpaka upande wa Chole na Tutia, ndipo bahari inapofunguka na miamba ikaonekana. Huko kitatange huingia katika dema pamoja na tasi, changu na pono. Jikoni hana sifa kubwa. Thamani yake iko katika rangi: kitatange mfalme ana mistari ya buluu na manjano ubavuni, na mwenye mkia wa dhahabu hupatikana magharibi mwa Bahari ya Hindi tu, ndiyo maana wanunuzi wa mbali humtafuta kwenye pwani yetu.

Mvuvi humtambua kitatange kwa kumshika, hata kama rangi haikuonekana vizuri. Chini ya shavu, kwenye ukingo wa kifuniko cha shavu, ana mwiba mmoja mrefu unaoelekea nyuma, ambao samaki aitwaye kipepeo, ndugu yake wa karibu, hana. Mwiba huo hunasa katika wavu na kutoboa mfuko wa plastiki. Mdomo ni mdogo, na meno yake ni membamba na mengi kama nywele za brashi, yamefaa kukwangua na kudonoa juu ya jiwe. Haya mawili, mwiba na mdomo, yamewatesa wafanyabiashara wa samaki hai tangu mwanzo: wa kwanza humjeruhi samaki safarini, wa pili humfanya akatae chakula afikapo.

Wasomi wa Ulaya walimjua kwanza akiwa ngozi na mchoro. Peter Forsskål, aliyesafiri na msafara wa Wadenmark katika Bahari ya Shamu na kufia Yemen mwaka 1763, alikuwa ameandika habari za kitatange wa manjano ubavuni. Mwenzake Carsten Niebuhr alizichapisha mwaka 1775. Mwaka 1831 Georges Cuvier aliwaelezea kitatange wa nusu duara na yule wa mkia wa dhahabu. Kisha George Lambert Playfair, konseli wa Uingereza Zanzibar katika miaka ya 1860, alikusanya samaki wa visiwani na kuandika pamoja na Albert Günther kitabu The Fishes of Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1866. Kwa samaki wa mwambao huu, hicho kilikuwa msingi.

Kitatange wa nusu duara aliacha kumbukumbu nyingine Zanzibar. Anapokua, michirizi ya mkiani mwake hukatikakatika na kujipinda hata ikafanana na hati ya Kiarabu. Mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, J. L. B. Smith, aliandika kisa cha samaki mmoja aliyeuzwa sokoni Zanzibar kwa senti chache. Mtu akasoma mkiani mwake maneno ya kumpwekesha Mwenyezi Mungu, na bei ikapanda hadi, kwa simulizi hiyo, rupia 5,000. Mpaka leo wafugaji wa samaki duniani humwita kitatange huyo kwa jina la Kurani. Samaki wa kisa hicho hakuhitaji kulishwa. Alitazamwa, akasomwa, akahifadhiwa.

Kumweka hai ni kazi iliyochukua muda kueleweka. Nyumba ya samaki ya bustani ya wanyama ya London ilifunguliwa mwaka 1853, lakini samaki wa miamba ya kitropiki walibaki nje ya uwezo wa watu kwa miongo mingi. Safari ya meli ilikuwa ndefu, maji ya bahari hayakupatikana bara, na joto lilikuwa gumu kulidhibiti. Wakati huo huo bidhaa za bahari zilizokufa ziliendelea kutiririka kutoka pwani yetu: miaka ya 1840 mfanyabiashara Adolph Jacob Hertz wa Hamburg alianza kupeleka kauri za Zanzibar Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Kauri haiugui safarini.

Biashara ya samaki hai wa miamba ilianza Sri Lanka katika miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili yalikuja mambo matatu yaliyoibadilisha kabisa: mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, ndege za jeti, na katika miaka ya 1960 chumvi ya bahari iliyotengenezwa kiwandani, ambayo mtu wa Chicago au Berlin aliweza kuichanganya na maji ya bomba. Afrika Mashariki iliingia kwa kupitia Kenya. Wapiga mbizi kutoka sehemu kama Shimoni na Kilifi waliwakamata samaki kwa nyavu, wakawapeleka kwenye mabanda ya wasafirishaji, na kutoka huko wakapanda ndege. Zaidi ya aina 200 za samaki zimepitia njia hiyo, vitatange wakiwamo.

Kwa mnunuzi wa awali, kitatange alikuwa samaki wa huzuni. Aliwasili na rangi zake, akajificha nyuma ya jiwe, akakataa kila alichorushiwa, na baada ya siku chache akafa. Wengi waliamini kwamba samaki huyu hafugiki. Ukweli ulikuwa kwamba sababu za kutokula zilikuwa nyingi na zote zilichanganywa kuwa moja.

Sababu ya kwanza ilikuwa ugonjwa, na hapa maendeleo yalitoka kwenye matangi ya umma. Katika akwaria ya bustani ya wanyama ya London, Eleanor Brown alieleza mwaka 1931 kimelea kinachowafunika samaki vumbi laini kama la dhahabu, na mwaka 1951 akaeleza kingine kinachotoa madoa meupe, ambacho wataalamu hukiita Cryptocaryon irritans. Mwaka 1955 Robert Dempster wa akwaria ya Steinhart, San Francisco, alichapisha matumizi ya shaba dhidi ya kile cha kwanza. Ilibainika kwamba kitatange anayehema mbio, anayejikwaruza kwenye mawe na kukataa chakula, mara nyingi hana tatizo la chakula hata kidogo. Mashavu yake yamejaa vimelea, na hakuna kiumbe anayekula vizuri huku akikosa pumzi.

Kimelea cha madoa meupe kina werevu wake. Hukaa juu ya samaki siku kadhaa, kikadondoka, kikajifunika ganda chini ya tangi, kisha kikapasuka na kutoa vizazi vipya vinavyotafuta samaki. Mfugaji huona madoa yametoweka, akadhani dawa imefanya kazi, kumbe ni mapumziko tu. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba ganda linaweza kuendelea kutoa vimelea hata baada ya siku 72. Ndiyo maana wafugaji makini huweka kila samaki mpya kwenye tangi la karantini kwa wiki nne au zaidi. Shaba nayo hutumiwa kwenye tangi hilo peke yake, kwa kipimo kinachokaguliwa kila siku, kwa sababu huua matumbawe, kaa na konokono.

Sababu ya pili ilikuwa safari yenyewe. Kabla ya kusafirishwa, samaki hunyimwa chakula kwa siku moja au mbili ili asichafue maji ya mfuko. Ndani ya mfuko hupumua, na maji hujaa hewa ukaa na amonia. Hewa ukaa huyafanya maji yawe na asidi, na hali hiyo hupunguza ukali wa amonia. Mfuko unapofunguliwa, hewa ukaa hutoka, asidi hushuka, na amonia ile ile hugeuka kuwa sumu kali kwa dakika chache. Mfugaji wa zamani aliyekaa saa mbili akidondosha maji ndani ya mfuko uliofunguliwa, akidhani anamzoesha samaki taratibu, alikuwa akimuunguza mashavu. Utaratibu unaofaa ni kusawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha samaki kuhamishiwa haraka kwenye maji safi yenye chumvi ya kiwango kinacholingana na ya mfuko.

Sababu ya tatu ilianzia miambani. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, sianidi ilipulizwa kwenye nyufa za matumbawe ili samaki walewe na wakamatwe kwa urahisi. Sumu hiyo huua matumbawe na kuharibu viungo vya ndani vya samaki. Mnunuzi hupokea samaki mwenye rangi nzuri ambaye hudhoofika siku chache baadaye. Samaki wa Kenya walijipatia sifa kwa sababu walikamatwa kwa wavu. Hata hivyo wavu nao una adabu yake. Kitatange aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu huvimba kibofu cha hewa na kuelea kichwa chini. Mpiga mbizi mwenye ujuzi humpandisha kwa vituo, humtoa wavuni kwa kukwamua mwiba wa shavu bila kuuvuta, na humweka peke yake kwenye chombo chenye matundu ili asipigane na wenzake.

Yote hayo yakishatengenezwa, linabaki swali la chakula. Mwaka 1933 Alvin Seale wa Steinhart alichapisha taarifa ya Artemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi kali, kama chakula hai cha samaki. Mayai yake makavu hukaa kwenye kopo kwa muda mrefu na huanguliwa kwa siku moja au mbili. Katika miaka ya 1980 kiumbe huyo aliingizwa pia katika mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi. Samaki wengi waliokataa kila kitu walishawishika na Artemia anayeogelea. Kitatange mara nyingi hakushawishika, na hapo ndipo wafugaji walipoanza kumtazama anavyoishi porini.

Kitatange hakimbizi chakula kinachoelea. Siku nzima hupita juu ya mwamba akidonoa: kipande cha sifongo hapa, mwani pale, kiumbe laini kilichojibana kwenye ufa. Kwake, kitu kinachozunguka ndani ya maji si chakula. Kilicho juu ya jiwe ndicho chakula. Basi mfugaji mzoefu hufanya hivi. Siku ya kwanza hawashi taa kali, na ndani ya tangi huweka vipande vya bomba la plastiki au mawe yenye mapango ili mgeni apate pa kujificha. Hakuna samaki mwingine wa kumfukuza. Siku ya pili huchukua kome au chaza mbichi, humfungua, na kuweka nusu ya kombe chini ya tangi, nyama ikitazama juu. Kisha huondoka mbele ya kioo.

Kitatange hutoka polepole, hugeuka ubavu, hutazama kwa jicho moja, hurudi pangoni. Baadaye hudonoa mara moja na kutema. Anayemwona anatema hukata tamaa, lakini kutema ni dalili njema: mdomo umekubali kujaribu. Kombe likikaa saa chache huondolewa ili lisichafue maji, na jingine huwekwa kesho yake. Akishaizoea nyama ya kombe, hupakwa juu yake kamba aliyesagwa. Mwani huzungushiwa jiwe kwa uzi au hubanwa kwenye kioo kwa kibanio. Siku hadi siku chakula cha kutayarishwa, kilichochanganywa na sifongo, huongezwa, na kombe hupunguzwa. Kwa kuwa ni mlaji wa kudonoa mchana kutwa, milo midogo mitatu au zaidi humfaa kuliko mlo mmoja mkubwa.

Umri nao una neno. Kitatange mdogo, yule wa buluu iliyokolea na mistari myeupe ya kuzunguka, huzoea chakula kipya haraka kuliko mkubwa aliyekwisha kuishi kwa sifongo kwa miaka. Asiwe mdogo mno pia, maana mchanga hana akiba ya mwilini ya kumvusha siku za njaa. Kwa hiyo wanunuzi wenye uzoefu huchagua wa kati, wa sentimita 8 hadi 12 hivi, mwenye tumbo lisilobonyea na mgongo uliojaa nyama juu ya macho. Kitatange wa kifalme wa mistari, Pygoplites diacanthus, ndiye mgumu kuliko wenzake. Hata hivyo wafugaji wengi wameona kwamba yule wa Bahari ya Hindi, mwenye kifua cha manjano, hukubali kula kwa urahisi zaidi kuliko ndugu yake wa Pasifiki.

Samaki aliyekubali kula na kupona hulipa subira hiyo. Wako vitatange wakubwa waliokaa kwenye matangi kwa zaidi ya miaka 20. Mfalme na wa nusu duara wote hufikia karibu sentimita 40, kwa hiyo tangi la sebuleni linalotosha mwezi wa kwanza huwa gereza baada ya miaka miwili. Hilo nalo limo katika hesabu ya afya: maji machache huchafuka upesi, na kitatange aliyebanwa hupata vidonda vya kichwa na ubavuni.

Tanzania kwa upande wake ilichagua njia ya hifadhi kwa miamba iliyo mbele ya delta. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa na hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, yenye kilomita za mraba 822. Miaka mitatu baadaye joto la El Niño la 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Chole na Tutia, na baruti za wavuvi haramu zilikuwa zimeshafanya kazi yake sehemu nyingi za pwani. Mwaka 2004 delta, Mafia na Kilwa ziliandikishwa pamoja kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, karibu hekta 597,000. Uamuzi huo ulitambua jambo ambalo wavuvi wa Nyamisati walilijua zamani: mikoko na miamba ni bahari moja. Kamba anayemshawishi kitatange tangini ni wa jamii ile ile inayokulia katika mikoko hii.

Historia hii ina hukumu iliyo wazi. Ng'amba walivunwa kwa karne nyingi kwa ajili ya magamba bila mtu kuuliza wanaishi vipi, na sasa biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku kwa sababu wamebaki wachache. Kitatange yuko kwenye njia panda ile ile, na mkononi mwa watu wa pwani liko jambo moja linaloweza kumwokoa: kukataa kumuuza kabla hajala. Msafirishaji anayemweka samaki bandani mpaka adonoe chakula mbele ya macho yake hupoteza siku chache na chakula kidogo, lakini anayemsafirisha na njaa hupoteza samaki, na mwamba hulazimika kutoa mwingine badala yake. Mnunuzi naye, awe Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au Hamburg, amwombe muuzaji amlishe samaki papo hapo kabla ya kutoa fedha. Samaki asipokula, asinunuliwe.